Kadi Inasema Amelala

Mpimaji: Haloo? Nani mwenzangu?

Mwokaji: Mimi.

Mpimaji: Mimi nani? Namba siijui.

Mwokaji: Hata sauti umeisahau, wifi?

Mpimaji: Aa, wifi! Jamani, nisamehe, mke wa kaka. Habari za mchana?

Mwokaji: Nzuri. Za huko maabara?

Mpimaji: Salama tu, foleni mpaka mlangoni. Mbona namba ngeni? Umebadilisha laini?

Mwokaji: Laini ileile. Tangu jana inakupigia inaita mpaka inachoka. Leo nikasema ngoja nijaribu simu ya jirani, Mama Cherehani. Na tazama, haijaita hata mara mbili umepokea.

Mpimaji: Wifi, kazi zilinizidi, wallahi nilikuwa—

Mwokaji: Usiape bado. Baba mkwe hajambo?

Mpimaji: Baba? Hajambo. Hajambo kabisa. Kwa nini?

Mwokaji: Mtu akiuliza hali ya mkwewe anaulizwa kwa nini?

Mpimaji: [anacheka kidogo] Hapana, nimeuliza tu. Si huwa unamwona Jumapili.

Mwokaji: Jumapili nilimwona. Kachangamka. Kanitania kuhusu mikate yangu, eti siku hizi inavimba kuliko mimi. Mzee aliyekuwa anasinzia kijiko kikiwa mdomoni!

Mpimaji: Ndiyo... uzee una siku zake. Wifi, nina mtu hapa kwenye kiti, labda jioni—

Mwokaji: Jioni mimi naingia zamu, unajua. Mpe pamba aminye. Nina dakika chache za salio la watu. Nataka kukuuliza habari ya damu ya kaka yako.

Mpimaji: Damu imefanya nini?

Mwokaji: Wewe ndiye uliyeitoa, wewe ndiye uliyeipima. Nikuambie imefanya nini?

Mpimaji: Majibu nilishayapeleka kwa daktari.

Mwokaji: Na daktari ametusomea jana, mimi na yeye tumekaa pale kama wanafunzi wa darasa la kwanza. Kaanza na kadi ya ile mashine ya usingizi, inayoandika saa alizovaa barakoa ya hewa. Kaichomeka kwenye kompyuta yake, katabasamu. "Hongera, dereva! Saa saba za usingizi kila usiku, miezi mitatu, hujakosa hata siku moja." Kaka yako akainama. Nikadhani ni haya.

Mpimaji: Haya, si vizuri?

Mwokaji: Sijamaliza. Kisha kafunua karatasi yako. Tabasamu likaondoka. Kolesteroli kabla ya mashine sita nukta moja, sasa sita nukta nane. Yale mafuta mengine, yale yenye jina refu—

Mpimaji: Trigliseridi.

Mwokaji: Hayohayo. Yalikuwa mbili nukta nne. Sasa tatu nukta tatu. Daktari kakuna kichwa. "Huyu analala vizuri, mbona damu inasema halali?" Kwa hiyo kamwongezea vidonge maradufu. Maradufu, wifi! Nikarudi nyumbani sijui nicheke au nilie.

Mpimaji: Pole.

Mwokaji: Sitaki pole. Nataka kujua kama ulichanganya chupa.

Mpimaji: Nini?

Mwokaji: Ulichanganya chupa za damu. Umempa kaka yako damu ya mtu mwingine. Ni binadamu, foleni mpaka mlangoni, inatoke—

Mpimaji: Wifi, hapo umenikosea.

Mwokaji: Nauliza tu.

Mpimaji: Miaka kumi na moja niko kwenye kiti hiki. Mimi simwulizi mtu "wewe ni fulani?" aitikie "ndiyo" kwa usingizi. Namwambia ataje jina lake mwenyewe, kwa mdomo wake, na tarehe ya kuzaliwa. Sibandiki karatasi kwenye chupa kabla damu haijaingia, na haiondoki mkononi mwangu kabla sijaibandika. Hata kaka yangu niliyelala naye mkeka mmoja nilimwambia, "Taja jina." Akacheka. Nikamwambia taja!

Mwokaji: Sawa, sawa, usinipandishie.

Mpimaji: Sipandishi. Lakini chupa haikuchanganywa. Ile damu ni ya kaka. Hata nilivyoona namba sikuamini, nikarudia mara mbi—

[mtandao unakwaruza]

Mwokaji: Ulirudia?

Mpimaji: Haloo? Unakatika.

Mwokaji: Sikatiki. Umesema ulirudia. Damu ya mafuta mnairudia kwa kila mtu?

Mpimaji: Siyo kila mtu.

Mwokaji: Basi kwa nini ya kaka yako?

Mpimaji: Kwa sababu ni kaka yangu, wifi. Kwani vibaya?

Mwokaji: Mimi sijasema vibaya. Naokota tu unachodondosha.

Mpimaji: Labda alikula kabla ya kuja. Trigliseridi hupanda mtu akila.

Mwokaji: Nilitoka zamu asubuhi hiyo nikamkuta sebuleni anamiminia mapacha wetu chai, yeye hajagusa kitu. Nikampa maji glasi moja, nikamsindikiza mpaka hapo kwako. Kula alikula wapi, kwenye ndoto?

Mpimaji: Vidonge je? Wanaume wanavitupa.

Mwokaji: Anameza mbele yangu, halafu namwambia fungua mdomo.

Mpimaji: Amenenepa?

Mwokaji: Mkanda wake uko tundu lilelile.

Mpimaji: Basi sikiliza, nikuelimishe. Watu wanadhani ile mashine ni ufagio, unaivaa inafagia mafuta. Siyo hivyo. Inashusha kidogo tu, kwa wengine haishushi hata chembe. Ndiyo maana daktari hakumwachisha vidonge. Kazi yake kubwa ni pumzi. Mtu akikatika pumzi usingizini, oksijeni inashuka, mwili unashtuka kama umemwagiwa maji ya baridi. Ukishtuka unamwaga mafuta kwenye damu. Ini nalo linatengeneza mengine, na yaliyopo yanachelewa kuondoka. Sasa fikiria hiyo mara thelathini kwa saa, kila—

Mwokaji: Umemaliza?

Mpimaji: Bado, nataka kusema hata aliyeivaa vizuri anaweza asione—

Mwokaji: Asione yakishuka. Hapo nimekuelewa. Yasiposhuka nitamlaumu Mungu. Lakini yamepanda, wifi. Yamepanda kama ya mtu asiyevaa kitu. Uko?

Mpimaji: Niko. Namfungia mtu bandeji.

Mwokaji: Mfungie. Mimi nikusimulie. Jumatano iliyopita usiku, yule pacha mdogo alishikwa na homa. Kaka yako akanipigia bekari, mikono yangu yote unga, nikaweka simu begani. Saa nane kasoro. Tukaongea karibu nusu saa, yeye anatembea na mtoto chumbani, namsikia. Jana nikamwomba daktari anioneshe Jumatano hiyo. Kadi inasema amelala. Saa nne hadi saa kumi na moja, moja kwa moja, barakoa usoni. Nikajiuliza, mume wangu ana nyuso ngapi?

Mpimaji: Mashine nazo hukosea.

Mwokaji: Ehee. Damu haikosei, mashine ndiyo inakosea.

Mpimaji: Wifi, unanizungusha.

Mwokaji: Nani anamzungusha nani? Nikafika nyumbani nikaifungua ile barakoa. Nikakuta unywele mmoja umenasa kwenye mpira wa puani. Mweupe pe! Kaka yako ananyoa kipara na ndevu. Mimi nywele zangu unazijua, nyeusi tii. Mwanzoni, nisikufiche, nilidhani kuna mwanamke.

Mpimaji: Mwanamke! Kaka? Hapana, wifi, hilo toa kabisa kichwani.

Mwokaji: Nikalitoa. Maana nilijiuliza, hawara gani huyu, anakuja kwa mume wa mtu kukoroma kwa saa saba na kwenda zake? Tena mwenye ndevu nyeupe!

Mpimaji: [anacheka, anajizuia]

Mwokaji: Cheka. Mimi sikucheka. Nilikwenda kwa Mama Cherehani kuazima sindano, akaniambia, "Wifi yako ana upendo. Kila jioni ukienda kazini anapita kuwasalimia watoto. Na mkoba wake begani." Nikamuuliza mkoba gani. Akasema, "Ule wa kijivu wenye zipu. Anaingia mikono mitupu anatoka nao. Asubuhi kabla hujarudi anaurudisha." Wifi. Mkoba wa kijivu wenye zipu ni wa nini? Salio la watu linakwenda.

Mpimaji: Ngoja. Ngoja nitoke nje. [mlango, hatua, kelele za watu zinapungua] Wifi.

Mwokaji: Nakusikiliza.

Mpimaji: Ni Baba.

Mwokaji: Najua ni Baba. Nilitaka uniambie wewe.

Mpimaji: Siku moja nilirudi kutoka kazini nikamkuta kwenye kiti chake, kidevu kifuani, midomo imekuwa ya bluu. Anakoroma, kisha kimya. Kimya, wifi, mpaka nikamwita kwa jina lake, mimi mwanawe, nikamwita kwa jina kama mwenzangu. Akashtuka, akavuta pumzi kwa kelele. Nikamwambia twende hospitali. Unamjua. Tangu Mama aingie pale asitoke, hataki hata kupita mtaa wake. "Kukoroma si ugonjwa, ni usingizi wa mtu mwenye amani." Nikampigia kaka. Kaka akasema, "Tumjaribishie mashine yangu."

Mwokaji: Na mimi nilikuwa wapi?

Mpimaji: Ulikuwa ndiyo umeanza zamu ya usiku. Tulisema wiki moja tu. Wiki moja tukamshawishi aende kupimwa. Tukamdanganya kwamba imenunuliwa kwa ajili yake. Asubuhi ya kwanza, wifi... aliamka akaniuliza, "Mbona umekonda?" Mwaka mzima hajaniona! Asubuhi ya pili nikamkuta jikoni anapika chai. Siku ya tano kavaa viatu, kaenda mpaka kona kununua gazeti, karudi nalo, kalisoma. Sasa wewe ungemvua?

Mwokaji: Usiniulize mimi. Jiulize mwenye mashine alikuwa analalaje.

Mpimaji: Nilimuuliza. Alisema yeye bado kijana, anavumilia. Siku zako za mapumziko anaivaa mwenyewe, usishtuke.

Mwokaji: Ehee! Ndiyo maana! Usiku mmoja kwa wiki mume wangu amelala vizuri, nami nikimtazama namshukuru Mungu. Mmenichezea mchezo wa kuigiza kitandani kwangu.

Mpimaji: Wifi, hatukukusudia—

Mwokaji: Unajua kwa nini nilikubali zamu ya usiku?

Mpimaji: Najua, ada za—

Mwokaji: Hujui. Bekari waliniomba tangu miaka ile. Nilikataa kwa sababu sikuweza kumwacha peke yake gizani, asije akanyamaza moja kwa moja na mapacha wamelala chumba cha pili. Mashine ilipokuja nikasema sasa naweza kutoka. Nimemwachia mashine mume wangu. Nyie mkaja nyuma yangu mkaichukua.

Mpimaji: [anavuta kamasi]

Mwokaji: Unalia?

Mpimaji: Hapana.

Mwokaji: Basi niambie jingine. Anasinzia kwenye usukani?

Mpimaji: Haloo? Mtandao—

Mwokaji: Mtandao mzima! Nakuuliza, kaka yako anasinzia akiendesha lile basi? Watoto arobaini na moja, wanangu wawili wamo, wamekaa nyuma yake kabisa kwa kuwa wanajivunia baba. Wanamwita Anko Taratibu. Anasinzia?

Mpimaji: Aliniambia... mara moja. Wiki iliyopita. Kwenye taa. Waliokuwa nyuma wakapiga honi.

Mwokaji: Watoto walikuwemo?

Mpimaji: Alikuwa anarudi tupu. Akasema huwa ananawa uso kila kituo. Anaweka chupa ya maji pembeni.

Mwokaji: Chupa ya maji.

Mpimaji: Wifi—

Mwokaji: Chupa ya maji, jamani! Na wewe mtu wa hospitali, ukanyamaza!

Mpimaji: Aliniapisha. Kwa jina la Mama aliniapisha nisikwambie.

Mwokaji: Na ukamtii.

Mpimaji: Sikumtii yote. Sikiliza. Ile karatasi ya damu yake ilipotoka nilikaa nayo siku mbili kwenye droo. Mara ya kwanza nikasema mashine yetu imekosea. Nikarudia. Namba zilezile. Wifi, ningeweza kuandika nne nukta tisa. Mkono wangu ndio unaojaza ile karatasi. Daktari angempongeza mara mbili, wewe ungerudi nyumbani unacheka, mimi ningeendelea kupita na mkoba. Hakuna ambaye angejua.

Mwokaji: Kwa nini hukuandika?

Mpimaji: Sijui. Nilishindwa kuandika uongo pale. Nikaipeleka kama ilivyo, nikasema daktari atauliza. Daktari akaongeza vidonge tu. Nikasema basi wifi atauliza. Ukaanza kupiga simu... nikaogopa kupokea.

Mwokaji: Ulitaka nikukamate.

Mpimaji: Nilitaka mtu aulize, jamani. Nimechoka.

[mtandao unakwaruza]

Mwokaji: Saa ngapi hapo?

Mpimaji: Saa nane na dakika tano.

Mwokaji: Shule inatoka saa tisa. Nampigia ofisa wa usafiri sasa hivi. Leo haendeshi. Wamtafute dereva mwingine.

Mpimaji: Mwambie anaumwa! Wifi, tafadhali, mwambie anaumwa tumbo. Wakijua usingizi wa kwenye kadi si wake watamfukuza. Mashine yenyewe wao ndio waliomkopesha. Ni sharti la kazi.

Mwokaji: Nitawaambia ukweli. Wao na daktari, maana vidonge maradufu vinatibu usingizi wa mtu mwingine.

Mpimaji: Atafukuzwa!

Mwokaji: Afukuzwe akiwa hai. Nitamlisha mikate.

Mpimaji: Atanichukia.

Mwokaji: Atakuchukia akiwa ameamka. Hilo nitalishukuru. Na leo usipite kwangu jioni. Nitaomba ruhusa kazini. Mashine inalala kwa mwenyewe.

Mpimaji: Sawa. Ni haki.

Mwokaji: Kesho saa mbili asubuhi naja kwako. Mzee nitampeleka mimi hospitali. Nitamwambia mimi mkwewe naumwa, nahitaji mtu wa kunisindikiza. Akishafika tutaona nani anakaa kwenye kiti. Naye apimwe, apate yake.

Mpimaji: Hatakubali.

Mwokaji: Kwa wanawe hakubali. Kwa mkwe ataona aibu kukataa.

Mpimaji: [anacheka kwa pua] Hilo kweli. Wifi... na usiku wa leo?

Mwokaji: Usiku wa leo nini?

Mpimaji: Baba. Bila mashine. Nitafanyaje?

Mwokaji: Mlaze ubavu. Mto mgongoni, mkubwa, asiweze kugeuka chali. Wewe kaa karibu, taa usizime. Akikoroma mwache, anapumua. Akinyamaza, anza kuhesabu polepole. Ukifika kumi hajavuta pumzi, msukume bega. Usimwamshe kabisa, atakuwa mkali. Msukume tu mpaka avute. Halafu unangoja tena.

Mpimaji: Mpaka saa ngapi?

Mwokaji: Mpaka kukuche.

Mpimaji: Usiku kucha? Peke yangu? Na kesho nashika sindano kazini, wifi, mshipa nitauonaje?

Mwokaji: Miaka sita, wifi.

Mpimaji: Nini?

Mwokaji: Nimefanya hivyo miaka sita. Na asubuhi nakwenda kukanda unga. Mlikuwa mnakuja kwangu Jumapili mnanicheka nasinzia mezani. "Mke wa kaka mvivu." Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza mimi nalalaje. Haya, nakata. Salio lililobaki ni la kupigia shule. Kwaheri, wifi, kwaheri.

Mpimaji: Wifi, ngoja. Ulikuwa unalalaje? ... Haloo? Wifi?